Karani wa Forodha Aliyejenga Nchi Angani

Wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert kwenye karatasi ya mtihani. Tukaambiwa tutaje dhamira, tukazitaja, tukapewa alama, tukaenda zetu. Baada ya hapo jina lake linabaki kichwani kama jina la barabara, na kweli Dar es Salaam ipo barabara inayoitwa hivyo, na shule pia ipo. Mtu akishakuwa barabara ni vigumu kumfikiria akirudi nyumbani jioni amechoka, mfukoni hana kitu, mezani kuna karatasi ambayo haijaandikwa.

Mimi huyo wa mezani ndiye nimtakaye. Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na usiku huwa naandika hadithi fupi ambazo mpaka sasa wasomaji wake ni watu wawili tunaoishi nao chumba kimoja. Kila nikisema nataka kuandika naambiwa subiri kwanza uajiriwe, halafu anayeniambia anacheka, kwa sababu anajua mwalimu akishaajiriwa ana madaftari ya kusahihisha, maandalio ya somo, zamu, na shamba kidogo la kuongezea mshahara. Basi nikataka kujua: huyu mzee aliandikaje na yeye alikuwa mwajiriwa? Maana maisha yake yote ya utu uzima alikuwa karani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na mji wa Tanga, katika familia yenye asili ya Kiyao. Wakati huo nchi ilikuwa ya Wajerumani. Alikuwa hajatimiza miaka sita pale vita vya kwanza vya dunia vilipofika kwao kabisa, Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na wanajeshi wao kutoka India na kushindwa. Vita vilipokwisha nchi ikabadilisha mwenyewe na jina, na mtoto yule akasomeshwa chini ya Waingereza. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 mpaka 1926. Hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyopata: miaka minne hivi. Chuo hakukanyaga. Nyie wenzangu mnaolalamika kwamba kozi ya fasihi haijakupeni mbinu za kutosha za utunzi, hapo mmesikia.

Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa Idara ya Forodha, akakaa huko mpaka 1944, sehemu kubwa ya muda huo akiwa Pangani. Miaka kumi na minane! Pangani ni mji mdogo mlangoni mwa mto, wenye nyumba za kale na majahazi. Karani wa forodha kazi yake ni kuandika kile ambacho wengine wamebeba: mzigo huu ni wa nani, umetoka wapi, una uzito gani, unatozwa kiasi gani. Anaandika leja, anaandika risiti, anamwandikia mkubwa wake barua kwa lugha ya adabu. Mbele yake wanapita watu wa kila aina, tajiri mwenye shehena na maskini mwenye kikapu, na kila mmoja ana maelezo ya kwa nini yeye asitozwe. Sijui kama kuna darasa la utunzi linaloshinda kibao cha forodha.

Nasema hivyo si kwa kupamba. Chukua riwaya zake uziweke pamoja, utaona ofisi iko kila mahali. Adili na Nduguze, iliyotoka 1952, inaanza na kodi. Mfalme anataka kujua kwa nini kodi ya jimbo moja haijafika, anatuma mjumbe akaifuate, na mjumbe huyo ndiye anayekuja kugundua siri ya Adili. Kusadikika, iliyotangulia mwaka mmoja, 1951, ni kesi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho: mashtaka, mshtakiwa, utetezi, hukumu. Utubora wa kitabu cha Utubora Mkulima ni karani anayeacha kazi ya mjini. Mwandishi huyu hakuhangaika kutafuta kitu cha kuandika nje ya maisha yake. Alichukua karatasi zilezile za kazini, hati ya mashtaka, taarifa ya safari, madai ya kodi, akazigeuza hadithi.

Hebu nikae kidogo kwenye Kusadikika, kwa sababu hapo ndipo naona akili yake ilivyokuwa kali. Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani. Haipo kwenye ramani. Ndani yake kuna kijana anaitwa Karama, ameshtakiwa na waziri mwenye nguvu aitwaye Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha masomo ya sheria. Yaani kosa ni kufundisha watu sheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye hajitetei kwa kusema sikutenda. Anasimulia. Anawakumbusha wakubwa wale habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema ya kujifunza, na kila mmoja akaishia kufungwa kwa shukrani. Kesi moja ikawa hadithi sita, na kila hadithi inawahukumu wale waliokaa kuhukumu.

Sasa kumbuka nani anaandika. Mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mwafrika, na mkate wake unatoka kwa hao hao. Kama angeandika habari za nchi iitwayo Tanganyika ambamo watu wanafungwa kwa kudai sheria, kitabu kisingetoka na kazi ingekwisha. Akaipeleka nchi angani. Kitabu kikachapwa na Nelson, kampuni ya Uingereza yenyewe, watoto wakakisoma. Wengine husema hizo zilikuwa njozi za mshairi. Mimi naona alijua mizigo inavyopitishwa mbele ya mkaguzi, na aliijifunza kazi hiyo akiwa yeye ndiye mkaguzi.

Mwaka 1944 alihamishwa kutoka pwani kwenda bara, Mpwapwa, kwenye idara ya wanyama. Hapa nina upendeleo wangu na sioni haya kuusema. Kwetu ni Kintinku, wilaya ya Manyoni, kwenye reli hiihii ya kati. Ukipanda treni kwetu kuelekea pwani unapita Bahi, unapita Dodoma, halafu ukifika Gulwe hapo ndipo anaposhukia mtu wa Mpwapwa. Tangu shule ya msingi nilikuwa naamini fasihi ya Kiswahili yote ni ya watu wa minazi na bahari, sisi wa mibuyu na vumbi kazi yetu ni kuisoma tu. Kumbe yule mtu wa minazi alikaa miaka miwili kwenye vumbi letu la Ugogo, mbali na kwao, akihesabu mifugo badala ya majahazi. Mwaka 1946 akarudi Tanga, na mwaka huohuo ndio wa muswada wa Kufikirika, nchi yake nyingine isiyo kwenye ramani. Siwezi kudai kwamba Mpwapwa ndiyo iliyozaa kitabu. Ila najua upweke wa kupangiwa kazi mbali na kwenu, na wanafunzi wa ualimu mnaosubiri kupangiwa mnaujua kabla haujafika.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mke wake Amina alifariki akamwachia watoto wadogo. Alimwandikia shairi la maombolezo ambalo wengi wenu mmelisoma bila kujua ni la mtu wa kweli. Kwa watoto aliwatungia tenzi mbili za mausia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Tukizisoma darasani huwa tunaona mzee anahubiri. Ukijua kwamba ni baba mjane anayewaandikia watoto wasio na mama, sauti inabadilika kabisa, na hata yale mawaidha marefu yanavumilika.

Maana kuvumilia kunahitajika, tusidanganyane. Shaaban Robert ana adili nyingi kuliko chumvi. Majina ya wahusika wake yanakuambia kila kitu kabla hawajafungua mdomo: ukikutana na mtu aitwaye Majivuno hutarajii akusaidie kubeba mzigo. Ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Baadaye akina Euphrase Kezilahabi walikuja na njia tofauti kabisa, watu wenye majina ya kawaida, dhambi za kawaida na nafsi zinazojipinga, kama kwenye Rosa Mistika ya 1971. Mwanzoni nilikuwa upande wa Kezilahabi moja kwa moja, na kwa uandishi wangu mwenyewe bado nipo huko. Ila kuna jambo nililiona Kintinku lililonifanya nimheshimu karani huyu kama fundi, mbali na heshima ya kumwita baba wa fasihi.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani wakati mpunga unaiva. Kwetu bondeni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mpunga ukianza kuiva kazi ya kila mtu ni kuamia ndege. Kwelea wakija kwa kundi wanaweza kumaliza jaruba huku unaangalia. Watoto wanapanda dunguni na makopo na makombeo, wanapiga kelele tangu alfajiri mpaka jua linazama. Katikati ya mchana, jua likiwa kali, ndege hupumzika, na watu nao hupumzika. Nilikuwa na Adili na Nduguze kwenye mkoba, nikaanza kuwasomea wadogo zangu kwa sauti chini ya dungu. Bibi yetu alikuwepo, ameketi kando anachambua mboga. Yeye hasomi, na alijifanya hasikilizi.

Tukafika pale ambapo mjumbe wa mfalme, akiwa mgeni kwa Adili, anachungulia usiku na kumwona mwenyeji wake, mtu mpole na mkarimu, anawatoa manyani wawili, anawachapa, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Nikafunga kitabu kwa sababu kwelea walikuwa wamerudi. Kelele niliyoipata kutoka kwa bibi haikuwa ya ndege. Aliuliza manyani hao wamekosa nini, na kama wamekosa kwa nini wanalishwa, na kama mtu ni mwema kwa nini anapiga. Jioni akauliza tena. Mdogo wangu wa darasa la sita akajibu kwa mbwembwe kwamba manyani ni ndugu zake, imeandikwa hapo juu ya jalada. Bibi akamwambia hilo yeye amekwishaliona tangu mchana. Anachotaka ni sababu.

Nililala nikifikiria jibu hilo. Mwandishi ametoa siri yake kwenye jalada! Ametaja nduguze, kisha akawapa majina ya Hasidi na Mwivu ili hata mzembe asikose. Hakuwa anaficha ni nani. Alikuwa anaficha ni kwa nini, na tena kwa nini mtu apige huku analia. Sisi tunaojifunza kuandika siku hizi tunahangaika kuficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho, na msomaji akishamjua hana sababu ya kurudi. Bibi yangu alijua kila kitu na bado siku tatu mfululizo alitutafuta wakati wa jua kali akiwa na mboga zake, ambazo nadhani nyingine zilikuwa zimeshachambuliwa.

Hadithi yenyewe si ya kubuni yote. Mfupa wake umetoka katika Alfu Lela Ulela, kisa cha mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama. Hili wengine hulitaja kwa sauti ya chini kama vile wamemkamata mwizi. Mimi nalichukulia kama ushahidi kwamba alikuwa msomaji. Angalia mazingira yake: alipoanza kazi, hadithi ndefu za kuchapwa kwa Kiswahili zilikuwa chache sana, na nyingi zilikuwa tafsiri. Alfu Lela Ulela na Mashimo ya Mfalme Sulemani zilitoka 1929 kwa Kiswahili, kwa mkono wa Frederick Johnson. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilitoka 1934. Mtu aliyetaka kusoma zaidi ya hapo ilibidi apite kwenye Kiingereza, na Shaaban Robert alipita. Mwaka 1952 alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, mashairi ya Mwajemi yaliyopitia mikononi mwa Mwingereza Edward FitzGerald kabla ya kufika Tanga. Alisoma alichokipata, akakileta nyumbani, akakivisha kanzu. Mbwa wa kisa cha Kiarabu wakawa manyani. Kila ninapowaona manyani wanavyovamia mashamba, naona alichagua vizuri.

Tanga alifanya kazi ofisi ya wilaya mpaka 1952, halafu ofisi ya upimaji ardhi mpaka 1960. Wakati huo jina lake lilikuwa limekua. Alipata medali ya Margaret Wrong, alipata nishani ya MBE ya Waingereza, aliingia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, ulitoka 1958 katika jarida la kamati hiyo. Mwanamume wa Tanga kukaa chini kuandika maisha ya mwanamke mwimbaji, tena kwa heshima ile, si jambo dogo kwa zama zile, na mimi nakiona ndicho kitabu chake kinachosomeka kwa urahisi kuliko vyote. Sentensi zinatembea. Labda kwa sababu safari hii alikuwa na mtu wa kweli mbele yake na hakuhitaji kumpa jina la sifa.

Lakini umaarufu na uchapishaji ni mambo mawili. Vitabu vyake vilitoka kwa Nelson na Macmillan Uingereza, na vingine Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg. Mwandishi wa Kiswahili, anayeandikia Waswahili, anakaa Tanga anangoja jibu la barua kutoka ng'ambo, na anayeamua kama Waswahili watasoma ni mtu asiyemjua. Mwishoni alijaribu kukata mzizi huo: akaanzisha uchapishaji wake mwenyewe pale Tanga, akauita Art and Literature, na vitabu kadhaa vikatoka kwa jina hilo, kama Insha na Mashairi mwaka 1959 na Almasi za Afrika mwaka 1960. Fikiria karani mwenye umri wa miaka hamsini, ana familia, anaingiza fedha zake katika biashara ya vitabu. Leo tunaita kujichapishia na tunajiona tumegundua kitu.

Uhuru ulikuja Desemba 1961. Yeye alifariki Juni 1962, Dar es Salaam, akiwa na miaka 53, akazikwa kwao Tanga. Aliiona bendera mpya kwa miezi sita tu.

Na hapa ndipo panaponikaa rohoni. Miswada ilibaki. Kufikirika, iliyoandikwa 1946, ilitoka 1967. Ishirini na moja! Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu kuhusu vita vya 1939 mpaka 1945, ulitoka mwaka huohuo wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Mwandishi hakuzishika mkononi. Mimi nikingoja wiki mbili matokeo ya mtihani nashindwa kula, yeye alikaa na kitabu kilichokamilika miaka kumi na sita mpaka akafa nacho, na katika miaka hiyo aliendelea kuandika vingine.

Utubora nayo ilipata bahati ya ajabu. Habari ya karani anayeacha ofisi ya mjini kwenda kulima kijijini ilitoka mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Ukisoma bila kutazama tarehe za mwandishi utadhani amekaa na Mwalimu wakapanga. Hakukaa na mtu. Alikuwa ameshalala kaburini karibu miaka mitano pale Azimio lilipotangazwa, na nadhani aliandika tu kile ambacho karani yeyote hukiwaza ifikapo saa nane mchana: siku moja nitaiacha hii kalamu nikalime. Tofauti ni kwamba yeye hakuiacha. Alimtuma Utubora akalime kwa niaba yake, yeye akabaki ofisini, na jioni akaendelea.

Kwa wanaouliza: Adili na Nduguze yangu haipo, iko Kintinku, na bibi amewaambia wadogo zangu kwamba haitoki mpaka isomwe mara ya pili. Utubora Mkulima ninayo chumbani. Anayetaka kuazima anikute kimbwetani jioni, ila airudishe kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, na kurasa za katikati azifungue taratibu kwa sababu gundi imekwisha.